Ruwaza Haipimwi kwa Kubashiri Hatua za Mabingwa

Ndugu wasikilizaji, kila anayetengeneza programu ya Go, mchezo wa ubao wa kete nyeusi na nyeupe, huulizwa kuhusu ruwaza, yaani maumbo ya kete ubaoni yanayoipa programu dokezo la hatua ya kucheza: "Ruwaza zako zinabashiri hatua za mabingwa kwa asilimia ngapi?" Jamani, swali hilo tuliache! Tunachotaka kujua ni kama programu inashinda zaidi kwa muda uleule wa kufikiri.

Itazameni programu ya AlphaGo ya 2016. Mtandao wake wa neva ulibashiri hatua za wachezaji stadi kwa asilimia 57, ukitumia milisekunde 3 kuchagua hatua moja. Kando yake palikuwa na kichaguzi chepesi cha ruwaza ndogondogo: asilimia 24.2 tu, lakini kwa mikrosekunde 2. Kasi mara 1,500! Hawakukitupa, ndicho kilichocheza michezo ya majaribio, ile ambayo programu huicheza haraka kichwani mwake ili kupima hatua, hadi mwisho. Tena kuna jambo zito zaidi. Mtandao ulionolewa kwa kujichezea wenyewe uliushinda ule wa awali katika zaidi ya asilimia 80 ya michezo. Lakini ilipoingizwa kwenye utafutaji, yaani kazi ya kuchunguza hatua zijazo na majibu yake, ule wa awali, ulio dhaifu, ndio uliofaa zaidi. Kwa nini? Utafutaji unahitaji hatua kadhaa za kuchunguza, si moja ya kung'ang'ania.

Mtaniambia: "Mbona ruwaza za 3 kwa 3 ziliiinua MoGo, programu nyingine ya Go?" Ni kweli. Nafasi ya kuchezwa ina majirani 8, kila mmoja na hali 4: tupu, nyeusi, nyeupe au nje ya ubao. Hizo ni biti 16, jedwali la nafasi 65,536, na jibu linasomwa papo hapo. Lakini dirisha hilo halioni kundi limebakiwa na pumzi ngapi, yaani nafasi tupu zinazoligusa; zikiisha, kundi linatekwa. Umbo lilelile hapa linakata na kuua, pale kete yako inatekwa mara moja. Pumzi zihesabiwe kando.

Sasa vipimo. Pimeni kwa muda sawa, si kwa idadi sawa ya majaribio, maana hiyo inaficha gharama ya ruwaza. Badilishaneni rangi, kila programu icheze nyeusi na nyeupe. Kwa michezo 100 kosa sanifu, yaani kiasi matokeo yanavyoyumba kwa bahati tu, ni asilimia 5, kwa hiyo ushindi wa 55 hauthibitishi kitu. Kwa 10,000 ni nusu asilimia. Na mpinzani asiwe toleo la jana la programu hiyohiyo pekee, kwani faida hutiwa chumvi.

Kuhusu ruwaza kubwa zinazovunwa kwenye rekodi za michezo, muda wangu hautoshi kueleza yote, ila neno moja. Zigeuzeni pande zote 8 na kubadili rangi kabla ya kuhesabu, la sivyo ruwaza moja itahesabiwa kama 16, zote zikionekana adimu.