Kabla ya jina kuitwa: cha kusoma pale mtu anapomngojea mwanasaikolojia

(Maneno niliyoyasema mbele ya wanafunzi wa uuguzi na wa saikolojia, Lubumbashi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.)

Bapapa na bamama, walimu wangu, nanyi wanafunzi mliosimama mpaka mlangoni, asanteni kwa kuja. Mmezoea kufundishwa mambo yanayofanyika ndani, mlango ukishafungwa: namna ya kumsikiliza mgonjwa, namna ya kumuuliza, namna ya kumwacha alie. Leo nitabaki nje ya mlango huo. Nitasema juu ya benchi, meza ndogo iliyo mbele yake, na makaratasi yaliyo juu ya meza hiyo. Ninachokiamini nakitoa sasa hivi ili mpate nafasi ya kunipinga: mtu anayekuja kwa mwanasaikolojia anaanza kutunzwa, au kuumizwa, akiwa bado anangoja.

Tazameni kwanza anavyofika. Mwenye malaria anasindikizwa na dada yake na jirani, na mtaa mzima unajua. Aliyekosa usingizi tangu msiba, au anayesikia moyo unamwenda mbio usiku bila sababu, huyo anakuja peke yake. Nyumbani Katuba ameaga kwamba anaenda sokoni. Teksi anaishukia mbali kidogo na geti, anamalizia kwa miguu. Akiingia, macho yake yanatafuta kama kuna mtu wa avenue yao. Anachokiogopa anakijua kwa maneno yake kabisa: kesho watasema, "Ule mama ananza kwenda kwa munganga wa bafu," yaani mganga wa wendawazimu.

Halafu anakaa, na hapo adabu yetu wenyewe inamtia taabuni. Kwetu huwezi kukaa karibu na mtu mzima usimwamkie. Jambo mama, jambo papa, habari ya nyumbani. Na salamu haiji peke yake. Unakaa wapi? Watoto wangapi? Umekuja kuona nani? Kwenye benchi la daktari wa meno maswali hayo ni wema mtupu. Kwenye benchi letu, swali la tatu linaweza kumwinua mtu akarudi kwao, na asikanyage tena.

Ndiyo maana nasema gazeti katika chumba hiki ni pazia kwanza, habari baadaye. Mtu amekwisha kuamkia, amefungua ukurasa, wenzake wanamwachia nafasi yake. Hakuna atakayesema ana madharau, kwa sababu anasoma. Mkilishika hilo mtachagua makaratasi kwa namna nyingine. Kijikaratasi kilichokunjwa mara tatu hakimfuniki mtu uso. Gazeti pana linamfunika. Kitabu kinene kinamwogopesha, maana anajua ataitwa kabla hajafika popote. Kinachofaa ni kitu kipana, chenye picha, ambacho unaweza kukiacha katikati ya sentensi bila kupoteza kitu.

Kuhusu kungoja kwenyewe, wataalamu wamekwisha kuandika. Mwaka 1985 David Maister alieleza kwa nini foleni mbili za dakika zilezile hazina urefu mmoja moyoni. Muda usio na shughuli unaonekana mrefu kuliko wenye shughuli. Mwenye wasiwasi anaona saa haziendi. Asiyejua atangoja mpaka lini anachoka kuliko aliyeambiwa. Na anayengoja peke yake anachoka kuliko walio pamoja. Mgonjwa wetu amebeba yote manne kwa mara moja. Basi kabla ya kununua hata karatasi moja, acheni kumwambia "munganga anakuja sasa hivi" kama haji. Mpeni jetoni yenye namba, mwambieni: mbele yako kuna watu wawili, utangoja karibu saa nzima. Nimeona mabega ya watu yakishuka kwa sentensi hiyo tu. Bila sentensi hiyo, gazeti halisomwi. Mtu analishika huku sikio liko mlangoni.

Sasa kuta. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, na mnisamehe. Ingieni katika vyumba vyetu vingi vya kungojea, mtaona mabango tuliyopewa na miradi: mwanamke ameinama, mikono usoni, kivuli cha mwanaume nyuma yake. Chini yake maneno makubwa ya Kifaransa juu ya ubakaji, au juu ya kujiua, au juu ya pombe. Nia ni njema, najua. Lakini huyu aliyekaa mbele ya bango amekuja hapa kwa sababu ya jambo hilohilo, na sisi tumemlazimisha alitazame saa nzima kabla ya kuwa na mtu wa kumshika mkono. Na jirani yake wa benchi naye anasoma bango, halafu anamtazama. Bango la namna hiyo lina mahali pake: shuleni, sokoni, kwenye ofisi ya commune, mahali ambapo mtu hajui bado kwamba kuna msaada. Aliyefika kwetu amekwisha kujua. Yaondoeni.

Mnaniuliza basi ukuta ubaki mtupu? Hapana, huu ni mji wa wachoraji. Wazee waliomo humu wanakumbuka picha zilizotundikwa katika nyumba za mitaa yetu ya Kenya na Kamalondo miaka ile ya sabini. Kulikuwa na Mamba Muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki. Kulikuwa na Inakale, yule mtu aliyepanda mti kumkimbia simba, nyoka yuko juu tawini, mamba anamngoja majini. Ni picha kubwa, ni mali yetu, lakini Inakale nisingeiweka mbele ya mtu mwenye hofu. Huyo mtu wa mtini yumo ndani yake tayari. Ningetafuta nakala za Pilipili Mulongoy, mmoja wa wale wa Hangar, ile shule ya uchoraji ya Pierre Romain-Desfossés, iliyoanza hapa mjini mwaka 1946. Ndege zake na samaki zake, na yale majani aliyoyachora moja moja, vinampa mtu kazi ya macho ya muda mrefu bila kumuuliza kitu.

Na kama mna dirisha, geuzeni benchi lielekee dirisha. Roger Ulrich alichapisha mwaka 1984 uchunguzi wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Alilinganisha wagonjwa 23 waliopasuliwa kifuko cha nyongo ambao dirisha lao lilitazama miti, na 23 wengine ambao dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali. Wa miti walitoka mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Ni watu wachache, na walikuwa wagonjwa wa upasuaji, siwadanganyi kwamba mwembe utaponya huzuni. Lakini mwembe mnao uani na hauombi franka hata moja.

Nirudi kwenye meza. Magazeti ya siasa msiyaweke. Benchi letu lina mtu wa Katanga na mtu wa Kasai wamekaa bega kwa bega, na wote wawili wanakumbuka mwaka 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa makwao hapa Katanga na kupakiwa kwenye treni. Kichwa kimoja cha habari kinatosha kulirudisha jambo hilo katikati yao. Vilevile vikaratasi vya dini vinavyosema kwamba anayeona usiku mambo ya kutisha amefungwa na pepo. Mimi ni mtu wa sala, sioni aibu kulisema. Biblia na iwepo, anayeitaka aichukue. Ila karatasi inayomhukumu mgonjwa kabla hajafungua kinywa haitakaa kwenye meza yangu.

Mtaniambia: mama, siku hizi nani anasoma karatasi, kila mtu ana simu. Ni kweli, na tangu mwaka 2020 ni kweli zaidi. Corona ilipofika, makaratasi yaliondolewa mezani kwa kuogopa maambukizi, na sehemu nyingi hayakurudi. Lakini simu hukaa pale na ndugu wote wa mtu, na madeni yake, na vita. Mwezi wa kwanza wa 2025, Goma ilipoingiwa na waasi wa M23, nilikuwa naona watu wenye jamaa huko wakingojea kwenye benchi huku wanafungua video moja baada ya nyingine, miili barabarani, sauti za risasi zikisikika mpaka kwa watoto waliokaa pembeni. Jina linaitwa, mtu anaingia akitetemeka, na nusu ya kikao inapotea kumrudisha tu kwenye kiti. Simu siwezi kuikataza, ni yake, na labda anangoja habari ya mama yake. Naweza kuweka kando yake kitu kisicho na sauti ambacho hakitamletea ujumbe mpya. Televisheni nayo siihesabu: haichaguliwi na mgonjwa, na umeme ukikatika, chumba kizima kinabaki kikitazama kioo cheusi.

Tena mtalalamika kwamba magazeti yanaibiwa. Yanaibiwa, na si hapa tu. Mwaka 2014 BMJ, jarida la udaktari la Uingereza, lilitoa uchunguzi wa Bruce Arroll na wenzake kutoka Auckland, New Zealand. Waliweka magazeti 87 katika chumba cha kungojea cha daktari, wakayahesabu. Kwa siku 31, 41 yalikuwa yamekwenda. Yale mazito, Time na The Economist, halikuondoka hata moja. Ya habari za watu mashuhuri yalikuwa 27, likabaki moja. Uliandikwa kwa kuchangamsha wasomaji, kwa toleo la Krismasi, lakini mimi nausoma kwa makini: watu walichukua walichokipenda, na yaliyobaki yanawaambia wenye chumba ni nini kimewekwa kwa ajili ya sura tu. Kwa hiyo mimi siyafungi kwa kamba. Karatasi iliyokwenda na mgonjwa nyumbani nasema imefika. Natoa nyingine.

Kuna mzee mmoja, mstaafu wa migodini. Mambo mengine nimeyabadili ili asitambulikane. Alikuwa anakuja kwa sababu mtoto wake alimlazimisha, anakaa na mwanasaikolojia saa nzima, anajibu ndiyo na hapana. Kwenye meza palikuwa na katalogi ya zamani ya pompi za maji, sijui nani aliileta, nilitaka kuitupa. Nikamwona ameiweka magotini. Hakuwa anasoma maneno. Alikuwa anafuata bomba kwa ukucha wa kidole gumba, kutoka kwenye mota kupanda juu, akifika kwenye vana, kile kifungio cha maji, anasimama, anarudi chini, anaanza tena. Jina lake likaitwa, akainuka nayo. Muuguzi akanyoosha mkono kuichukua, mwanasaikolojia akamwambia, acha papa aingie nayo. Ndani aliifungua na kusema, "Yetu ilikuwa mukubwa kupita hii." Akaeleza ilivyofanya kazi, na ilivyokuwa siku iliposhindwa na maji yakaingia chini, na nani alikuwa naye huko chini. Tangu siku hiyo, yeyote anayetoka kwenye benchi na kitu mkononi anaingia nacho. Ni sheria kwetu.

Nilijifunza pia kutoka kwake kwamba vitu bora havikuandikwa kwa ajili ya wagonjwa. Katalogi ya mbegu, picha za mji wa zamani, michoro ya mitindo ya kushona vitenge, ramani ya reli. Mtu anakutana humo na kazi yake, na siku zake za nguvu. Kwa watoto wekeni ubao mdogo na chaki. Kisolo, mchezo wetu wa namna ya bao, kinafaa, ila kiwekeni barazani, kwa sababu kinataka watu wawili, na kelele zake ni nzuri kwa wanaozitaka. Redio ndogo ya muziki tupu, bila habari, ikae karibu na mlango wa ofisi. Ukuta wetu ni wa mbao nyembamba, na anayengoja akisikia anayelia ndani, ataamua kwamba yeye hatasema kitu.

Limebaki la lugha. Vitabu vya picha tunavipata, lakini hadithi fupi ya kusoma kwa Kiswahili cha hapa tunaikosa sana. Kifaransa kinamrudisha mtu mwingine darasani, anasoma huku anaogopa kukosea. Tumeanza kujichapia wenyewe: karatasi moja kubwa iliyokunjwa katikati, herufi nene, hadithi ya kurasa mbili, picha moja ya kalamu. Tunapiga fotokopi kwa wale vijana wenye mashine barabarani, na hadithi zinakwisha mezani kabla ya mwisho wa wiki.

Kwa hiyo nawaomba kazi, ninyi mlio humu. Nileteeni hadithi. Isiwe na mgonjwa ndani yake, isiwe na jina la mtu aliye hai, isimfundishe msomaji kuishi. Iwe juu ya bibi yako anayekaanga vitumbua, au kijana aliyepanda treni ya kwenda Likasi na mbuzi, au namna ya kutengeneza paa linalovuja. Ikwishe kwenye ukurasa wa pili. Wanaoandika waniachie hapa mezani wakitoka. Wasioandika wakae kidogo, nina simu, nitawarekodi mmoja mmoja, na jina la mwenye hadithi tutaliweka chini kama anataka.