Ile hela tuma kwenye namba hii

SOMOE: Karibuni tena, tuko Shangani, Mtwara. Leo ni zamu ya Gabriella Coleman, mwanaanthropolojia, yaani msomi anayechunguza watu kwa kuishi nao, aliyejenga maisha yake ya chuo kwa kukaa na wadukuzi. Mwishoni tutoe mafunzo matatu kwa wanaotaka shahada ya uzamili. Ila Hassani kaja na kisa cha mama.

HASSANI: Juzi mama kapata meseji: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Na malipo ya mnada wa korosho ndiyo yameingia! Alikuwa kweli anasubiri namba ya fundi bati.

SOMOE: Usiniambie katuma.

HASSANI: Kamjibu: "Mwanangu, hata salamu hakuna?"

SOMOE: (Anacheka) Bi mkubwa!

HASSANI: Kijana karudi fasta: "Shikamoo mama. Ile hela vipi?"

SOMOE: Tapeli mwenye adabu! Kaitikiwa?

HASSANI: "Marahaba, jina lako nani?" Kimya mpaka leo.

SOMOE: Lakini msimu huu nani huku hana "ile hela" ya kumtumia mtu? Wao wanarusha kwa namba nyingi, hawakujui. Wanamvizia yule mmoja aliye na simu mkononi, tayari kutuma.

HASSANI: Ndiyo maana namtaka Coleman wa kwetu. Yule alianza na uponyaji wa kidini Guyana, akaugua, akakaa ndani muda mrefu, ndipo programu huria zikamteka. Akaenda San Francisco kuishi na watengenezaji wa Debian.

SOMOE: Hao wanaandika programu wanagawa bure. Shikamoo yao naiitikia.

HASSANI: Baadaye aliwafuatilia Anonymous, kundi la wanaharakati wa mtandaoni wasiojitaja majina, na humo wamo waliovunja mifumo ya watu. Mtu akikaa hivyo na vijana wa "ile hela", tutajua nani anawafundisha, mgao unakwendaje, laini wanazipata wapi.

SOMOE: Na mjane wa Nanyamba anaibiwa mchana huohuo, mtafiti anaandika daftarini?

HASSANI: Anaandika, jina hataji. Akitaja, nani atamfungulia mlango tena?

SOMOE: Sabu je? Huyo mdukuzi wa Anonymous, jina lake halisi Hector Monsegur, alikamatwa Juni 2011, akawa anawachoma wenzake kwa FBI, wapelelezi wa Marekani, hadi ikajulikana Machi 2012. Coleman alikutana naye New York. Siri unayomtunzia mtu kama huyo ni ya nani?

HASSANI: Kwangu hiyo inaonyesha kazi ya uchunguzi tayari ina wenyewe. Msomi asiwe mkono wao.

SOMOE: Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Nikimjua anayemwinda mama yako, nakwenda kituoni kesho asubuhi.

HASSANI: Utampeleka mmoja. Anayewafundisha hutamjua kamwe.

SOMOE: Mmoja huyo angekula bati za mama.

HASSANI: Sikubali, dada.

SOMOE: Na mimi sikubali, kaka. Haya, fundi mitambo ananionyesha dakika moja. Yale mafunzo matatu kwa wanaotaka shahada ya uzamili...

HASSANI: Hata Harvard anakofundisha sasa hatujafika!

SOMOE: Yaache. Mnaosomea elimu ya jamii, tutumieni sauti: wewe ungetaja?