Kichwa chako kisikuzuie kuswali

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Ndugu zangu mlio huku mbele, mama zangu na dada zangu mlio upande wa pili wa pazia, leo nimeombwa tuongee habari ya nywele, na nitaanza na nyinyi kina mama. Sio kwamba nyinyi ndio wenye makosa, hapana, zamu ya wanaume inakuja wasijifiche, naanza na nyinyi kwa sababu kuna jambo linaniuma sana.

Kuna dada zetu wanaacha swala kwa ajili ya nywele. Mtu kaenda saluni Jumamosi, kakaa kwenye kiti tangu asubuhi mpaka Laasiri, kasukwa, kalipa hela nyingi tu, halafu Jumatatu hedhi imekatika na josho, yaani kuoga mwili mzima ili utwaharike, ni wajibu. Sasa anawaza, nikimwagia maji hizi zitafumuka, zitatoa harufu, si bora nisubiri zichakae ndio nioge? Alfajiri inapita, Adhuhuri inapita, wiki inakatika yuko twahara hana udhuru wowote na haswali. Na ukimuuliza kwa upole anakwambia ustadhi mimi niliambiwa lazima nifumue kichwa chote.

Sikilizeni basi. Mama wa Waumini Ummu Salama, Allah amridhie, alimuuliza Mtume swalallahu alayhi wasallam swali hilihili lenu. Alisema, mimi ni mwanamke ninayekaza sana misuko ya kichwa changu, je niifumue nikioga janaba? Mtume akamwambia hapana, inakutosha kumimina kichwani mara tatu viganja vyako vikiwa vimejaa maji, kisha ujimwagie mwili mzima, utakuwa umetwaharika. Hadithi iko kwenye kitabu cha Imam Muslim. Na iko nyingine humohumo, Bibi Aisha aliposikia kwamba sahaba Abdullah bin Amru anawaamrisha wanawake wafumue misuko wakioga, akasema ajabu ya huyu bin Amru, anawaambia wafumue vichwa vyao, kwa nini asiwaambie wanyoe kabisa! Mimi nilikuwa naoga na Mtume kwenye chombo kimoja na sikuwa nazidisha zaidi ya kumimina kichwani mara tatu. Mnaona alivyowatetea? Hakukaa kimya, manake alijua ukimtia mwanamke uzito ambao Mtume hakumtia utamchosha na ibada.

Sasa sisi wa pwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafi, na maulamaa wetu akiwemo Imam Nawawi wameifafanua hivi, kama maji yanapenya mpaka ndani ya msuko na kwenye ngozi ya kichwa bila kufumua, huna haja ya kufumua, na kama umekaza mpaka maji hayapiti basi hapo ufumue. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wamesema kwa mwanamke maji yakifika kwenye mashina inatosha. Kwa hiyo dada uliyesuka nywele zako mwenyewe, iwe yeboyebo au twende kilioni au mistari ya kawaida tu, chukua maji, ingiza vidole kati ya mistari, sugua mpaka usikie ngozi imelowa, rudia, umemaliza, nenda kaswali. Na udhu ni rahisi zaidi, kwa Shafi ukipaka maji sehemu ya kichwa hata kidogo imetosha, Maliki ndio wanataka kichwa chote.

Lakini hapa nisikilizeni vizuri kwa sababu wengine watasikia nusu. Hiyo ruhusa ni ya nywele zako. Ukiwa umevaa wigi la gundi, limebandikwa kuanzia kwenye paji la uso, au wivingi imeshonewa juu ya wavu na maji hayafiki chini, hilo josho halijatimia, na udhu ukipaka maji juu ya wigi umepaka wigi, hujapaka kichwa. Rangi ya kucha na kucha za kubandika hukumu yake ndio hiyohiyo, kila kinachozuia maji kinatolewa kwanza. Hina haina shida, hina inaacha rangi tu, haina tabaka.

Na tukifika kwenye kuunga nywele, lazima niseme ukweli hata kama utawaudhi. Bibi mmoja wa Kiansari alimuendea Mtume akasema binti yangu kaolewa, akaugua, nywele zimepukutika, je nimuunge? Hebu fikirini, bi harusi, mgonjwa, mama ana uchungu na mwanawe. Na Mtume pamoja na huruma yake yote alikataza, akasema Allah amemlaani mwenye kuunga na mwenye kuungwa. Miaka baadaye Muawiya, akiwa khalifa, alipokuja Hijja alisimama kwenye mimbari ya Madina ameshika fungu la nywele mkononi akawauliza watu wa Madina wako wapi maulamaa wenu? Akawaambia Mtume alikataza hizi. Na katika riwaya nyingine kwamba Mtume aliziita uongo. Ndio maana nywele za binadamu katika madhehebu yetu hakuna anayeruhusu. Rasta za nailoni hapo maulamaa wamejadili, wako waliokataza kila cha kuungia, na wako kama Laith bin Saad waliosema katazo ni la nywele tu, sufi na kitambaa havimo. Mimi ninachowashauri ni hiki, nyuzi za rangi ambazo kila mtu akiona anajua ni uzi, hizo ni pambo, wala siwezi kumfokea mtu. Ila kitu kinachotengenezwa makusudi kionekane ni nywele zako, kaa nacho mbali. Na dada unayepitia matibabu ya saratani nywele zimekatika, usione aibu kuuliza, wapo maulamaa wa zama hizi waliotofautisha kuondoa aibu ya ugonjwa na kutafuta uzuri, njoo na mtu wako tuzungumze peke yetu sio hapa mbele za watu.

Kutinda nyusi pia mmeniandikia sana. Hadithi ya sahaba Ibnu Masud iko wazi, wanaotinda na wanaotindwa wametajwa kwenye laana, kwa hiyo tusizunguke.

Kuna jambo la saluni ambalo naona halisemwi. Siku hizi unakuta kijana wa kiume ndio fundi, anamsuka mke wa mtu kichwa wazi na mtandio uko begani, na sisi tumezoea kabisa kama vile ni kitu cha kawaida. Halafu akimaliza anapiga picha, anairusha kwenye stetasi kutangaza kazi yake. Dada aliyevaa hijabu miaka yote, nywele zake zinaangaliwa na mtaa mzima na yeye hana habari! Mwenye saluni, hata ukiwa mwanamke, hiyo picha ni amana, usipige bila ruhusa. Na wewe mteja sema mapema kabla hujakaa kwenye kiti, mimi sipigwi picha.

Haya wanaume, mlikuwa mnatikisa vichwa sana. Katika Suratun Nur kabla Allah hajawaambia waumini wanawake wainamishe macho, aya ya 30 amewaanza waumini wanaume. Aya ya 31 ndio inawageukia wanawake. Kwa hiyo kijana anayemkagua dada yake shungi limekaaje halafu yeye barabarani macho hayatulii, aanze na aya yake.

Na vichwa vyenu navyo vina hukumu. Mtume alikataza kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu, alimuona mtoto kanyolewa hivyo akasema nyoeni zote au acheni zote. Sasa angalieni madrasa zetu, watoto wa miaka saba wana kiduku, wamenyolewa pembeni mpaka ngozi, katikati kumesimama, na baba ndio kampeleka kwa kinyozi na kalipa. Wazee wetu walikuwa na denge, ni lilelile. Maulamaa wengi wamesema ni makruhu, yaani linachukiza ila halijafika haramu, sisemi mtoto kapata dhambi kubwa, nasema baba anajua na anaona raha.

Kucha, kwapa, masharubu na nywele za siri, Anas bin Malik amesema tumewekewa muda tusiache zaidi ya siku 40. Hizo 40 ni mwisho wa mwisho, sio ratiba. Kuna wanaume anadai mke ajipambe, anukie, na yeye mwenyewe kwapa hajui mara ya mwisho lini. Ibnu Abbas alikuwa akisema napenda nijipambe kwa ajili ya mke wangu kama ninavyopenda ajipambe kwa ajili yangu. Na ukienda kwa kinyozi mwambie abadilishe wembe mbele yako, magonjwa yanapita kwenye damu.

Mvi je? Siku ya kufunguliwa Makka, Abu Quhafa baba yake Abubakar aliletwa, kichwa na ndevu vyeupe pe, Mtume akasema badilisheni hizi na epukeni weusi. Kwa hiyo hina nyekundu ni sunna kabisa. Nyeusi ndio penye katazo, na Imam Nawawi kasema kwa madhehebu yetu iliyo sahihi ni haramu, wengine wamesema karaha. Na mnaotumia piko, ile rangi nyeusi ya nywele, angalieni hata afya zenu, ile dawa iliyomo imewavimbisha watu uso na kuwababua ngozi.

La mwisho nawaambia mnaoosha maiti. Bint yake Mtume alipofariki, Ummu Atiyya na wenzake walizifumua nywele zake, wakaziosha, kisha wakazisuka misuko mitatu. Basi mkipewa maiti ana rasta au wigi la gundi, toeni taratibu kwa maji ya uvuguvugu na mafuta, msivute wala msimkate nywele zake, na mliyoyaona hapo msiyatoe nje.

Maswali kina mama andikeni kwenye karatasi mpitishe kwa mwalimu hapo kwenye pazia, hakuna haja ya kuandika jina. Wanaume nyoosheni mikono.