Kununuliwa Sio Kununua

Haya jamani, nashukuru kwa kunikaribisha, na nawashukuru zaidi nyie mameneja na wasimamizi wa supamaketi mlioacha kazi mkaja kusikiliza, maana hili jambo la watu wenye ulemavu na maduka sisi familia tumeliongea wenyewe kwa wenyewe mpaka tumechoka. Mimi sio mhandisi wala mwanasheria. Mimi ni kaka wa mtu. Dada yangu anatumia kiti mwendo tangu alipopata ajali, huu mwaka wa tisa sasa, na ninachokuja kuwaambia nimekijua kwa kumsukuma, kumsubiri, na mara nyingi kwa kukosea.

Nianze na sabuni. Miaka yote hiyo mimi ndio nilikuwa naenda supamaketi kwa niaba yake, anaandika kwenye karatasi sabuni, dawa ya meno, betri za tochi, mimi naenda nabeba narudi. Sabuni ilikuwa ya kijani kila mara, kwa sababu ndio niliyoikuta bafuni kwake siku za mwanzo, sijawahi kumuuliza na yeye hajawahi kusema. Sasa siku moja tukaenda wote. Sabuni ziko shelfu ya juu kabisa, akaja kijana mmoja mfanyakazi wa pale, akainama kidogo akamuuliza yeye, sio mimi, "dada nikuteremshie zipi?" Akateremsha nne akamwekea mapajani halafu akasimama kimya anasubiri. Dada akazinusa moja moja, akarudia ya pili, akarudi ya kwanza, ikachukua kama dakika tano hivi, mimi nimeshika troli naona watu wanatupita natamani kumwambia chukua tu twende. Akachukua ya zambarau. Njiani nikamuuliza kwani ile ya kijani ina nini, akasema ile inanikausha ngozi, siipendi, lakini nilikuwa nakuona unavyohangaika nikaona nisikusumbue.

Miaka tisa, ndugu zangu. Mtu anaoga na sabuni asiyoitaka kwa sababu ya shelfu.

Kwa hiyo kama kuna neno moja nililobeba leo ni hilo, kwamba kununuliwa sio kununua. Tukiongelea ulemavu na maduka watu wanawaza rampu, ile njia ya mteremko ya kupitia badala ya ngazi, na rampu ni muhimu sana, nitafika huko, lakini rampu ni ya kumfikisha mtu mahali, na mahali penyewe ni pale anaposhika vitu viwili mkononi akasema nataka hiki sitaki kile. Duka ambalo mtu anaingia halafu anachaguliwa vitu na mwenzake bado hajaingia.

Na hawa sio watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wenye ulemavu mkubwa ni bilioni 1.3, yaani mtu mmoja katika kila sita. Halafu hapo hujahesabu mama, mume, watoto, kaka kama mimi, ambao tukishindwa kuingia na mtu wetu na sisi hatuingii. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ule wa 2006, kifungu cha 9 hakikuishia kwenye majengo ya serikali, kinataka nchi zihakikishe hata watu binafsi wanaotoa huduma kwa umma wanazingatia kufikika kwa huduma zao. Supamaketi imo humo. Basi, sheria naiacha hapo, kwa sababu kwa nilichokiona mimi duka linaweza kuwa limejengwa kwa kufuata sheria yote na bado likamshinda mtu saa nne asubuhi.

Nieleze hilo vizuri maana ndio kiini. Viwango vya Marekani vya 2010 vya majengo kufikika na watu wenye ulemavu, ambavyo ni mfano unaojulikana, vinataka njia ya kupita iwe na upana usiopungua sentimita 91.5, mlango sentimita 81.5, na rampu isiwe kali kuliko moja kwa kumi na mbili, yaani ukipanda juu sentimita moja uwe umetembea mbele sentimita kumi na mbili. Sawa. Mchoro unapitishwa, duka linafunguliwa, njia pana nzuri kabisa. Halafu inakuja promosheni. Maboksi yanapangwa mnara katikati ya njia. Jumatatu zinakuja stendi za kadibodi za kampuni fulani, Jumatano unakuja mzigo unaachwa kwenye majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo mpaka jioni kwa sababu anayepanga ni mmoja, halafu kule mwisho kuna kapu kubwa la vitu vya punguzo. Yule mchoraji hana kosa hata kidogo, njia aliiacha, imeliwa kidogo kidogo na watu wasio na nia mbaya yoyote. Dada yangu akifika pale kwenye mnara hawezi kugeuza, kiti kinahitaji duara la kama mita moja na nusu kugeuka, kwa hiyo anarudi kinyumenyume njia nzima, huku anasema samahani, samahani, samahani, kwa kila aliye nyuma yake. Nawaomba mlisikie hilo neno. Yeye ndiye anayeomba samahani.

Choo nacho ni hivyo hivyo. Mlango una alama ya kiti mwendo, ukifungua unakuta ndoo, mafagio na mapambo ya sikukuu iliyopita. Na kaunta ile pana, ya chini, iliyowekwa maalum, ndio inayofungwa mnyororo wa kwanza keshia wakiwa wachache. Na vile vyuma vinavyosimikwa mlangoni ili troli zisitoke nje, jamani, chuma kinachozuia troli kinazuia na kiti!

Sasa kuhusu shelfu. Viwango hivyo hivyo vya Marekani vinasema mkono wa aliyekaa ufikie kati ya sentimita 38 na 122 kutoka sakafuni, lakini shelfu za bidhaa za kujichukulia zimeachwa nje ya hilo sharti, njia lazima ipitike ila shelfu inaweza kwenda juu. Mimi nilipojua hilo mwanzoni nilikasirika, baadaye nikafikiria nikaona kweli huwezi kuweka duka zima chini ya sentimita 122. Lakini maana yake ni kwamba ngazi ya kufikia shelfu ni mfanyakazi wako. Yule kijana wa sabuni. Kama hayupo, au yupo kaambiwa apange mzigo asiongee na wateja, au anamteremshia mtu moja tu na kuondoka, basi shelfu imebaki juu. Kwa hiyo mkipanga zamu za wafanyakazi mjue mnapanga urefu wa shelfu.

Nije kwa wazazi, naona wapo wengi humu. Troli ya supamaketi aliianzisha Sylvan Goldman huko Oklahoma mwaka 1937, na tangu hapo imewazia mtu mmoja, mwenye mikono miwili huru na kama ana mtoto basi ni mdogo anayekaa pale mbele. Sasa mama mwenye mtoto wa miaka kumi mwenye mtindio wa ubongo anafanyaje? Mikono miwili inasukuma kiti, ya kusukuma troli anaitoa wapi? Kuna mama mmoja namfahamu alinionyesha anavyofanya, kiti anakisukuma kwa mkono wa kulia, troli anaivuta nyuma yake kwa mkono wa kushoto, na kiganja cha kushoto kina sugu pale kwenye msingi wa kidole gumba. Anafanya hivyo kila wiki. Huko Alabama mama mmoja, Drew Ann Long, binti yake Caroline alipokuwa haenei tena kwenye kiti cha mtoto, akabuni troli yenye kiti kikubwa, mtoto anakaa anamtazama anayesukuma, na mikono ya troli inafunguka ili aingizwe bila kunyanyuliwa juu juu. Inaitwa Caroline's Cart, na mwaka 2016 Target, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, walianza kuisambaza kwenye maduka yao. Hiyo ni troli tu jamani, chuma na plastiki na magurudumu, na aliyelitatua hilo tatizo ni mama. Huyo mwenye sugu ningependa aingie siku moja akute hata moja tu imeegeshwa pale mlangoni.

Halafu kuna ulemavu usioonekana. Mtoto mwenye usonji, taa zile nyeupe anazisikia zinavuma, spika inatangaza ofa, mashine inalia bip bip bip, friji zinanguruma, mtoto anajilaza sakafuni anaziba masikio na watu wanamwangalia mama kama hajui kulea. Wewe unayesikia bip moja yeye anazisikia zote kwa pamoja bila kuweza kuzichuja. Chama cha National Autistic Society cha Uingereza mwaka 2017 kilihamasisha maduka yawe na saa ya utulivu, taa zinapunguzwa, muziki unazimwa, na Australia mwaka huo huo supamaketi za Coles wakaanza ya kwao. Nalisifu sana hilo. Ila saa hizo nyingi zinawekwa katikati ya wiki, muda ambao mtoto yuko shule na mzazi yuko kazini, kwa hiyo wanaozihitaji wengi hawazipati. Na mimi nauliza, kama redio inaweza kuzimwa saa moja na duka likauza, kwa nini isizimwe siku nzima? Hakuna kitu rahisi kuliko hicho kwenye orodha yote hii, ni swichi.

Pia kuna ule utepe wa kijani wenye maua ya alizeti, ulianzia uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, mwaka 2016, mtu anauvaa shingoni kusema nina ulemavu usiouona naomba subira. Unasaidia pale tu wafanyakazi wanapojua maana yake, vinginevyo ni pambo.

Kwa wasioona nitasema la malipo peke yake, maana linaniuma. Zamani mashine ya kadi ilikuwa na vitufe, na kitufe cha namba tano kina kinundu, mtu anapapasa anaingiza namba yake ya siri mwenyewe. Sasa zimekuja za kioo kitupu. Kioo hakina pa kupapasa. Kwa hiyo mtu mzima, mwenye pesa zake, analazimika kumnong'oneza keshia namba yake ya siri mbele ya foleni. Umoja wa Ulaya sheria yao ya ufikikaji imeanza kutumika tarehe 28 Juni 2025 na imegusa mashine za malipo na maduka ya mtandaoni pia. Nyie msisubiri sheria, siku mnanunua mashine mpya muulizeni tu muuzaji swali moja, asiyeona analipaje hapa? Akianza kubabaika msinunue.

Na viziwi, keshia amuangalie usoni anapoongea, ageuze skrini mteja aone jumla. Hilo ni la kufundishwa kwa dakika mbili.

Kuna mtu lazima ataniuliza, si kuna kuagiza mtandaoni siku hizi, kwa nini mhangaike? Dada yangu anaagiza, mara nyingi tu, siku ya mvua, siku mgongo unamuuma. Ni jambo zuri kama ni yeye ameamua. Lakini nimewahi kumuona rafiki yetu asiyeona akiwa kwenye programu ya duka moja, simu inamsomea "picha, kitufe, picha, picha, kitufe", hakuna aliyeandika maelezo ya picha, hajui ni sabuni au ni viatu. Na hata programu ingekuwa safi, sabuni hainuswi kwenye simu. Halafu mtu anahitaji kutoka. Kukutana na jirani kwenye foleni, kulalamika pamoja kuhusu foleni, hivyo navyo ni vitu vinavyopatikana dukani.

Swali ninaloulizwa sana na wafanyakazi wenyewe, na wanaliuliza kwa nia njema, ni namsaidiaje bila kumuudhi. Muulize yeye. Akisema hapana asante, hiyo ni hapana. Kiti chake usikishike bila ruhusa, kile ni kama mwili wake, na asiyeona usimvute mkono wala fimbo, mpe kiwiko chako akishike mwenyewe atembee nusu hatua nyuma yako. Siku ile ile ya sabuni tulipofika kwa keshia, yule dada wa kaunta aliniangalia mimi akauliza "anahitaji mfuko?" Anahitaji. Dada yangu ameshika pochi, kadi iko mkononi, na swali lake limepita juu ya kichwa chake likaja kwangu. Mimi nilijibu, nikasema ndiyo anahitaji. Ndio kosa langu kubwa siku ile, kuliko hata la sabuni, kwa sababu la sabuni sikulijua na hili nililijua.

Sasa nimemaliza sehemu yangu. Maswali mengine asiulizwe kaka mtu. Dada yangu yupo, yule pale pembeni karibu na pazia, hamkumuona akiingia kwa sababu mbele kuna ngazi tatu na yeye ameletwa kwa mlango wa mizigo, nimeshaongea na wenye ukumbi. Kaka wa mitambo, naomba uishushe hiyo stendi ya maikrofoni, bado, shusha tena kidogo, hapo hapo.