Draivu inasoma CD ila kubani imegoma

NEEMA: Mwangaluka wasikilizaji. Masanja, kuna mwalimu wa kwaya kule Ukerewe katutumia voisi, anasema kompyuta yake inapiga CD fresh kabisa, ila akibani, yaani akiandika nyimbo kwenye CD tupu, inaenda kidogo halafu inatema diski inasema imefeli. Fundi kamwambia anunue draivu mpya. Anunue?

MASANJA: Asinunue kwanza dada. Asome pale mbele kwenye kimlango, kama imeandikwa CD-ROM au DVD-ROM hiyo ni ya kusoma tu, kubani haiwezi.

NEEMA: Anasema ni DVD-RW, na DVD anabani zinatoka.

MASANJA: Aaah, basi hapo ndo penyewe. Kusoma na kubani ni kazi mbili tofauti kaka yetu aelewe hilo, kusoma leza inamulika kidogo tu, kubani lazima iongeze nguvu mara nyingi ipashe moto ile rangi iliyomo kwenye CD-R, ile CD tupu ya kubani, mpaka ibadilike, kwahiyo leza iliyochoka inaweza kukupigia nyimbo vizuri tu na kubani ikashindwa. Na leza ziko mbili mle, ya CD ni nanomita 780, ya DVD ni 650, moja inachoka nyingine inabaki nzima.

NEEMA: Kumbe! Kwahiyo imekufa?

MASANJA: Bado hatujui. Aanze na vumbi, kama ni laptop ile trei ikitoka lenzi inatoka nayo, achukue kijiti cha pamba na spiriti kidogo apanguse taratibu sana asikandamize, aache ikauke. Halafu abadilishe aina ya CD maana tupu zingine zinaanikwa juani kwenye meza pale mjini siku nzima na jua linaiharibu ile rangi. Alafu spidi, programu inajiwekea ya juu, ashushe mpaka 16 hivi.

NEEMA: Mimi niongeze la dakika, maana wanakwaya linawasumbua. CD ya muziki ya kawaida (audio CD) ya kupiga kwenye redio ya gari inahesabu dakika, mwisho 80, hata kama MP3 zako zote hazifiki MB 200 kwenye zile MB 700 za CD.

MASANJA: Kweli kabisa. Na wenye draivu ya nje ya USB, USB 2.0 inatoa miliampia 500 tu, wakati wa kubani draivu inaweza kutaka zaidi, ndo maana zingine zina waya wa vichwa viwili, chomeka vyote, na chomeka kwenye kompyuta yenyewe.

NEEMA: Kuna kile kitufe cha kujaribu kabla ya kubani, kinasaidia asiharibu diski?

MASANJA: Kwa tatizo hili hapana dada, kwenye jaribio leza haipandi kwenye nguvu ya kuandika, itakwambia safi halafu ukibani kweli inafeli. Abani CD-R moja nzuri, spidi ya chini, lenzi ikiwa safi. Ikigoma hiyo na DVD bado zinatoka, leza ya CD imeisha, hapo sasa anunue.