Kabla ya Kuuliza Simba Yuko Wapi: Nusu Siku katika Mbuga ya Nairobi
(Mhadhara kwa walimu na wazazi wanaopanga safari ya wanafunzi)

Hamjambo nyote. Asanteni walimu kwa kunialika, na asanteni wazazi mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja kumsikiliza dereva. Kazi yangu ni kuendesha gari polepole. Ndivyo binti yangu anavyowaeleza wenzake, na sijapata njia bora ya kuieleza.

Nimeombwa nizungumzie safari ya asubuhi moja katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ya muda, gari na chakula nitayasema, lakini sianzii huko. Naanzia kwenye mvua.

Abiria akishapanda, hata mkanda hajafunga, huuliza: "Dereva, leo simba tutamwona?" Sijui. Hakuna ajuaye, na anayekuhakikishia simba ungali unalipa anakuuzia hewa. Swali ambalo ningelijibu kwa uhakika kidogo ni hili: mvua imenyesha lini, na imenyesha upande gani?

Niwaeleze kwa nini. Mbuga yetu ina kilomita za mraba 117 tu. Kaskazini, mashariki na magharibi, ambako kuna mitaa, viwanda na barabara kuu, imezungushiwa ua. Kusini iko wazi. Huko mpaka ni mto Mbagathi, ambao punda milia huuvuka bila taabu, na ng'ambo yake ni Kaunti ya Kajiado: Kitengela, kisha nyanda za Kaputiei, ardhi ya wafugaji wa Kimaasai. Mvua ikinyesha, nyumbu na punda milia hutoka kwenda huko. Nyasi za nje ni fupi na laini kwa sababu ng'ombe wamezipitia, na palipo na nyasi fupi simba hana pa kujificha. Kiangazi kikija na maji ya nje yakikauka, wanarudi mbugani, kwenye mabwawa na mto. Kwa hiyo mtu akija Januari au Februari, au kati ya Julai na Oktoba, atawakuta tele tambarare. Akija Aprili au Mei atakuta nyasi zimemzidi swala tomi kimo, na barabara za udongo mweusi zinazonasa magurudumu. Simba yuko pale pale, ila umempita mita tano na hukumwona.

Sasa shikeni hilo la upande wa kusini, kwa sababu ndilo nitakalorudia hadi mnichoke. Chochote watoto wenu watakachokiona asubuhi hiyo kinategemea watu wanaoishi nje ya mbuga.

Twende safarini kwanza. Lango kuu liko Barabara ya Langata na hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Muwe hapo saa hiyo, si saa mbili. Malipo hufanywa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, kabla hamjafika. Pesa taslimu hazipokelewi, na nimeona mabasi ya shule yakikwama langoni jua likipanda huku mwalimu akitafuta mtandao. Leteni masweta. Tuko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai mbugani si ya kuchezea.

Kwa nini alfajiri? Umande. Simba hapendi kulala kwenye nyasi zilizolowa kama kuna mahali pakavu, na barabara ya murram ni pakavu. Mara nyingi wale mnaowaona kwenye picha wamejilaza katikati ya njia, magari yamepanga foleni, hawajaja kujionyesha. Wanatafuta pa kukauka. Saa tatu ikifika, jua limeshakausha nyasi, nao wameingia vichakani. Kufikia saa nne na nusu mnaweza kugeuza gari bila majuto.

Kuanzia Langata mnapita kwanza msituni. Hapo watoto wataanza kunung'unika kwamba hakuna kitu. Waacheni wanung'unike. Msitu ukiisha tambarare hufunguka ghafla, na hapo ndipo nawaomba walimu mnisaidie: wafundisheni watoto kuwatazama wala nyasi.

Simulizi yangu yote ya kazi iko hapa, basi nitakaa kidogo. Mwangalieni kongoni. Hupenda kusimama juu ya kichuguu, sura ndefu, pembe zimepinda, anaonekana hana la kufanya. Yuko zamu. Akiwa ametulia na wenzake wanakula, hakuna jambo. Akikaza shingo na kuelekeza masikio yote mawili upande mmoja, simamisheni gari na mtazame anakotazama yeye. Twiga ni bora zaidi kwa sababu anaona mbali. Twiga mmoja akitazama gari lenu, ni udadisi tu. Twiga watatu wakitazama korongo moja kwa dakika nzima bila kutafuna, huko kuna mnyama anayekula nyama. Swala pala hupiga chafya kali ya kuonya. Mtoto akishaisikia mara moja hataisahau, na kuanzia hapo hamhitaji tena redio ya dereva.

Kuhusu redio, niseme jambo ambalo wenzangu hawatalipenda. Siku hizi mtu akiona simba anatangaza, na kwa dakika chache magari kumi na tano yamemzunguka, injini zinanguruma, kila mmoja anasukumana apate pembe nzuri ya picha. Duma akizungukwa hivyo hukosa windo na kushinda njaa. Kama dereva mtakayempata anakimbiza redio tangu asubuhi, mwambieni kwa adabu azime. Mnalipa ninyi. Na mnapomtafuta, ulizeni kama ana beji ya chama cha waongozaji wa safari wa Kenya, ile ya shaba, fedha au dhahabu. Inatolewa kwa mtihani, haiuzwi dukani.

Vifaru. Nairobi ni mojawapo ya mahali pazuri zaidi nchini pa kuwaona, tena mtu anaweza kuwaona wa aina zote mbili asubuhi moja. Msihangaike na rangi, maana wote wana rangi ya tope walilogaagaa. Tazameni mdomo. Mwenye mdomo mpana uliokatika sawasawa, kichwa chini, anakula nyasi tambarare: huyo ni kifaru mweupe. Mwenye mdomo wa juu uliochongoka, anayevuta matawi kichakani: huyo ni mweusi, na ana hasira za haraka. Hata asipoonekana, mavi yake husema. Dereva akipunguza mwendo kwenye rundo la mavi kando ya njia, watoto watacheka, lakini watazame vijiti vilivyomo. Kifaru mweusi hukata vijiti kwa mshazari, safi kabisa, utadhani vimekatwa kwa mkasi wa bustani. Tembo hakati hivyo, na kwa vyovyote tembo mbugani hawamo. Wale watoto wa tembo mnaowasikia wako kwenye kituo cha yatima cha Sheldrick, kwa kibali cha pekee na saa yake, na si sehemu ya safari hii.

Pa kushuka garini ni pachache. Mahali pamoja ni pale pembe za ndovu zilipochomwa. Tarehe 18 Julai 1989 Rais Moi aliwasha moto rundo la tani 12 hapo, na mwezi Oktoba mwaka huo biashara ya pembe za ndovu ikapigwa marufuku kimataifa. Tarehe 30 Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta akachoma tani 105. Majivu yapo bado. Kuna walimu wa historia hapa. Hapo ndipo darasa lenu, mimi nitanyamaza nile mkate wangu. Mahali pengine pa kushuka ni kwenye vidimbwi vya viboko, ambako mtatembea na askari mwenye bunduki kando ya mto, chini ya migunga ya njano. Tumbili watachukua chakula chenu. Msiseme sikuwaambia.

Mkiwa mtoni mko mpakani, basi turudi kusini.

Mbuga hii ni ya kwanza ya taifa nchini, ilitangazwa Desemba 1946. Aliyeipigania zaidi ni Mervyn Cowie, mzaliwa wa Nairobi. Inasimuliwa kwamba alipoona serikali ya kikoloni haishughuliki, aliandika barua gazetini kwa jina la bandia la mlowezi mzee, akidai wanyama wote wauawe kwa sababu ni kero. Watu wakaghadhibika, wakaanza kudai wanyama walindwe, jambo ambalo ndilo alilotaka tangu mwanzo. Mwerevu, hatukatai. Lakini katika ubishi huo wa gazetini wafugaji waliokuwa wakilisha hapa hawakuulizwa. Mbuga ilichorwa ndogo kwa kutegemea kwamba nyanda za nje zitabaki wazi daima, na hakuna aliyeandikiana na wenye nyanda hizo.

Zilibaki wazi kwa muda. Miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda za Athi na Kaputiei walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Baadaye ranchi za pamoja zikagawanywa kwa hatimiliki za mtu mmoja mmoja, viwanja vikauzwa, machimbo na viwanda vikaja, Kitengela ikawa mji, na kila mwenye kiwanja akaweka ua wake. Nyumbu wamebaki sehemu ndogo tu ya wale wa zamani. Simlaumu aliyeuza. Mzee mwenye ekari ishirini na ada ya watoto watatu hawezi kulisha nyumbu wa watu wa Nairobi kwa moyo mwema peke yake.

Kuna waliolielewa hilo. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wafugaji wa Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua, wasiuze, na waache wanyama wapite. Fedha zilitolewa mara tatu kwa mwaka, shule zinapofunguliwa. Ninaupenda mpango huo kwa ajili ya hilo la shule. Aliyeupanga alikuwa amewasikiliza watu. Shida yake ilikuwa fedha kutegemea wafadhili, na bei ya kiwanja Kitengela haisubiri mfadhili.

Na kuna Richard Turere. Alikuwa mtoto wa miaka 11, akichunga ng'ombe wa babake karibu na mpaka wa kusini. Simba walikuja usiku wakala. Alijaribu moto, haukusaidia. Alijaribu sanamu ya kutishia. Simba walikuja siku ya kwanza wakaogopa, siku ya pili wakagundua haisogei. Kisha akaona kwamba akitembea na tochi hawakaribii. Akachukua betri ya gari, paneli ya jua, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu, akatega taa zinazowaka kwa zamu kuzunguka boma, ili simba adhani kuna mtu anatembea. Mwaka 2013 alieleza hayo jukwaani Marekani, na taa hizo zimefungwa kwenye maboma mengi. Kwa wanafunzi wenu, kisa hiki kina thamani kuliko hotuba yoyote kuhusu uhifadhi. Ni fizikia ya darasani, na mwenye kuifanya ni wa rika lao.

Si kila kisa kimeishia vizuri. Machi 2016 simba dume aliyejulikana kwa jina la Mohawk alitokea Isinya, mchana, watu wakamzunguka wakipiga kelele na picha, akamjeruhi mtu mmoja, akapigwa risasi na askari wa wanyamapori. Alikuwa amepita njia ambayo simba wamepita siku zote. Njia ndiyo iliyokuwa imejaa watu.

Nimeulizwa pia kuhusu reli. Ndiyo, treni ya Naivasha hupita juu ya mbuga kwenye daraja la kilomita 6 hivi, tangu 2019. Twiga hupita kati ya nguzo. Wapo wapiga picha wanaosubiri treni ipite, na wapo wanaozungusha kamera ili nguzo na maghorofa yasionekane. Waambieni watoto wasifiche kitu. Picha ya kifaru na maghorofa ya Upper Hill nyuma yake ndiyo picha ya kweli ya mahali hapa.

Ombi langu la mwisho kwa walimu. Humu shuleni mna wanafunzi wanaotoka Kitengela na Ongata Rongai. Hao wanajua mambo ambayo mimi nayasikia kwa wengine: fisi wanalia upande gani usiku, chui amechukua mbwa wa nani, ua mpya umewekwa wapi. Siku ya safari, wapeni hao dakika kumi za kwanza kwenye basi, wazungumze kabla yangu. Mimi nitaanza langoni.

Basi, maswali. Mama wa pale dirishani, mkono wako umekuwa juu tangu niliposema tumbili.