Tengeneza visulisuli vya maji kwenye beseni, halafu tuone vya heliamu vinavyovurugika

Haya jamaa, hamjambo? Leo tuko Lamu, hapa uani, jua limewaka sawasawa na tutalihitaji.

Chukueni beseni pana la kufulia, jazeni maji mpaka karibu na ukingo, liwekeni juani muyaache yatulie kabisa, wengi wanaharakisha hapa ndo maana hawaoni kitu.

Sasa sahani. Ichovyeni nusu tu, wima, isukumeni mbele taratiiibu kama shibiri moja halafu itoeni bila kurusha maji. Msiangalie juu, angalieni chini ya beseni: vile vivuli viwili vya duara vinavyotembea pamoja ndo visulisuli vyenu. Juu ya kila kivuli maji yana kishimo kidogo; dondosheni tone la rangi ya biriani kwenye kishimo kimoja, mtaona uzi unashuka, unapinda, unaibukia kwenye kishimo cha pili, kumbe ni kitu kimoja! Kisulisuli hakiishii katikati ya maji, lazima kifike juu, kifike ukutani au kijifunge chenyewe.

Subirini. Kinalegea, kinapanuka, basi kimekwisha, maji yana msuguano.

Sasa heliamu, ile gesi ya maputo: ikiwa kimiminika ukaipooza chini ya kelvini 2.17, yaani karibu nyuzi -271 za Selsiasi, sehemu yake inateleza bila msuguano wowote, na humo mzunguko hauna nusu wala robo, kipimo chake kidogo kabisa ni kama 1/10,000,000 ya mita mraba kwa sekunde, na kiini cha uzi wa kisulisuli ni chembamba kama atomu. Kwa hiyo hakiwezi kulegea polepole kama hiki chetu. Sasa kinavurugikaje?

Hapa ndo utamu. Watafiti wanawasha hita upande mmoja, ile sehemu ya heliamu iliyobaki ya kawaida, yenye msuguano, inakimbia joto ikifuata urefu wa uzi, na mkondo ukipita kiwango fulani yale mawimbi madogo kwenye uzi badala ya kufifia yanakua, uzi unajikunja kama springi, unagusana na mwingine, zinakatika na kuunganika upya kwa ncha tofauti, mara mnaona fujo tupu. Mwanafizikia Donnelly na wenzake waliyapima hayo Marekani 1973, mwaka uliofuata mwanafizikia mwingine, Glaberson, na wenzake wakaeleza sababu.

Rangi huko haifai, itaganda. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walitumia chembe za haidrojeni iliyoganda, zikanasa kwenye nyuzi wakazipiga picha. Nyinyi rangi ya biriani yatosha, ila kila mkirudia mwageni maji muweke mapya, yakishakuwa manjano vivuli hamvioni tena.